Je, tuyakate mabawa ya chombo chetu cha anga?

"Sisi ni vijana watano wa Nakuru na tunatengeneza filamu fupi ya katuni ambamo vyombo viwili vya anga vinapigana kwa dakika nne juu ya Ziwa Victoria, katika kimo cha kilomita 400. Chombo cha shujaa wetu kina mabawa mawili marefu, na kinapogeuka kinalala ubavu kama ndege. Cha adui kikipigwa kinazama polepole kuelekea ziwani, huku waliomo wakiganda kwa baridi ya anga. Tulipowaonyesha watu sehemu ya kwanza, mashabiki waligawanyika. Wengine walisema ni uongo wa kitoto, kwa kuwa huko hakuna hewa, hakuna sauti wala haja ya mabawa, na kwamba chombo cha kweli kingekuwa mpira au sanduku. Wengine walituambia tusiwasikilize, kwa sababu mambo ya wakati ujao hayana kanuni na filamu ni burudani. Mchoraji wetu, aliyeyachora mabawa yale kwa miezi mitatu, amekata tamaa. Tuyakate? Tena, kwa ajili ya mlipuko wa mwisho, mwenzetu mmoja anataka tuunde modeli ya bati na kuilipua kwa mchanganyiko wa mbolea aliouona mtandaoni, ili tupige picha na kunakili miali yake. Tunaomba ushauri."

Msiyakate. Yapeni kazi nyingine, nami nitaeleza ni ipi. Lakini kwanza niseme neno kuhusu ubishi wa mashabiki wenu, kwa sababu naona ndio uliomvunja moyo mchoraji kuliko kasoro yoyote ya mchoro wake. Kambi ya kwanza inajua fizikia kiasi, na inaitumia kama fimbo. Kambi ya pili inawapenda na inataka kuwakinga, ila inawakinga kwa hoja mbovu: ikiwa chombo kinaweza kufanya lolote, mtazamaji hana sababu ya kukihofia wala kukiombea. Mimi hufundisha ufundi wa mitambo hapa Kisumu na nimezipenda filamu hizi tangu utotoni, tangu siku za vibanda vya video vilivyojaa moshi na watu. Ninachowaambia wanafunzi wangu ndicho ninachowaambia ninyi: kabla ya kuuliza chombo kina umbo gani, ulizeni kinaogopa nini. Kambi zote mbili zimeliruka swali hilo.

Yafaa mjue pia kwamba hayo mnayolaumiwa yana asili yake. George Lucas alipokuwa akiitengeneza Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, alikusanya vipande vya filamu za ndege zikipigana, hasa za Vita vya Pili vya Dunia, akaviunganisha ili viwaongoze mafundi wake katika kupanga mwendo wa vyombo. Ndiyo maana vyombo vile vinalala ubavu vikikata kona na kumfuata adui mkiani, nasi sote tuliokua tukivitazama tuliamini kwamba ndivyo vita vya angani vilivyo. Wabunifu wengine walifuata mkondo wa manowari: vyombo vikubwa vinasogeleana ubavu kwa ubavu, vinarushiana mizinga, na kinachoshindwa kinazama. Wote walichagua kwa makusudi kitu ambacho jicho la mtazamaji lilikuwa limekwisha kukizoea. Ninyi mmerithi uchaguzi wao bila kuambiwa kwamba ulikuwa uchaguzi.

Sasa tuje kwenye mwendo. Ndege hulala ubavu kwa sababu hewa inayasukuma mabawa yake juu, na ikiinama sehemu ya msukumo huo huivuta upande inakotaka kwenda. Mwendesha boda boda naye huinama kwenye kona kwa sababu tairi limeshika lami. Katika kimo cha kilomita 400 lami haipo, na hewa iliyobaki ni haba mno kumgeuza yeyote. Rubani wa huko hukizungusha chombo kwa viroketi vidogo vya pembeni, au kwa magurudumu mazito yanayozunguka ndani yake, kisha huwasha injini kuu. Kabla injini haijawaka, pua inaweza kuelekea popote na mwendo ukabaki uleule. Msilione hilo kuwa hasara. Shujaa wenu anaweza kufukuzwa, akakigeuza chombo kikaangalia nyuma, akaendelea kwenda kinyumenyume kwa kasi ileile huku akimfyatulia adui usoni, na hakuna ndege iwezayo kufanya hivyo.

Zaidi ya hayo, chombo kilicho kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia, hakielei. Kinaanguka wakati wote, ila kinasonga mbele kwa takriban kilomita 7.7 kila sekunde, hata ardhi inajikunja chini yake kabla hakijaifikia. Kwa hiyo lile ziwa lenu haliwezi kubaki chini ya vita kwa dakika nne. Chombo kinachoelekea mashariki juu ya Ikweta hutoka Kisumu hadi Nakuru, kilomita 150 hivi kwa mstari ulionyooka, katika sekunde 20 na ushei. Dakika ya pili ikipita tu mmefika pwani karibu na Kismayu, na ya nne inawakuta mbali ndani ya Bahari ya Hindi. Mchoraji wenu amepata ziwa, Bonde la Ufa, nyika na bahari katika pigano moja, na mkianza vita jioni, giza litawakuta njiani ghafla.

Kwa sababu hiyohiyo, chombo kilichopigwa hakizami. Kinabaki kwenye mzingo wake, kimeharibika na kimenyamaza, karibu na yule aliyekipiga, na nadhani picha hiyo inatisha kuliko kuzama. Tena kumfukuza adui aliye mbele yako kwenye mzingo uleule ni kazi yenye mtego. Mnamo Juni 1965, mwanaanga wa Marekani James McDivitt, akiwa ndani ya chombo cha Gemini 4, alijaribu kukisogelea kipande cha roketi iliyomfikisha angani yeye na mwenzake. Alikielekea na kusukuma, kama ambavyo ningefanya mimi au ninyi, lakini kila aliposukuma alikuwa akijipandisha kwenye mzingo wa juu zaidi, ambako mwendo ni wa polepole zaidi, na kile kipande kikazidi kumponyoka. Anayetaka kumfikia aliye mbele hupunguza kasi, akashuka, akampita kwa chini, kisha akapanda. Mpeni shujaa wenu maarifa hayo na adui pupa ya kusukuma mbele, nanyi mtakuwa na pigano ambalo mtazamaji atalikumbuka kwa akili ya rubani na si kwa wingi wa risasi tu. Katika filamu ya pili ya Star Trek, ya mwaka 1982, adui anashindwa kwa kuwa anafikiri kana kwamba anga ni tambarare, na kosa lake moja hilo linatosha kuubeba mwisho mzima.

Hapa kwenye joto ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo mabawa yatakapookolewa.

Mashabiki wengi, na ninyi pamoja nao, mnaamini kwamba anga za juu ni friji. Itazameni chupa ya chai iliyo mezani kwenu. Chai iliyotiwa asubuhi hukaa moto hadi mchana kwa sababu hewa imetolewa kati ya kuta mbili za ile chupa, na pasipo na hewa hakuna kitu cha kulipokea joto na kuondoka nalo. Chombo cha anga ni chai iliyo ndani ya themosi, na humo ndani mna injini, mitambo ya umeme, silaha na watu, vyote vikiongeza joto kila dakika. Skylab, kituo cha anga cha Marekani, kilipopoteza ngao yake ya jua wakati wa kurushwa mwezi Mei 1973, joto la ndani lilipanda kupita nyuzi 50 za Selsiasi, na kazi ya kwanza ya wanaanga waliokifuata ilikuwa kukitandazia mwavuli wa kitambaa. Mtu anaweza kunipinga kwa kutaja Apollo 13, chombo cha Marekani kilichokuwa safarini kwenda mwezini, ambamo wanaanga walitetemeka kwa baridi mwezi Aprili 1970. Ni kweli, lakini walitetemeka kwa sababu walikuwa wamezima karibu kila mtambo ili kuokoa umeme, na baridi ile iliingia taratibu, kwa siku kadhaa. Hakuna aliyeganda papo hapo. Chombo cha kivita ambacho injini zake zinanguruma hakitasumbuliwa na baridi kamwe.

Njia pekee ya kudumu ya kulitoa joto hilo ni kuliangaza, jinsi kaa la moto linavyokuchoma uso hata kabla hujalikaribia. Kituo cha Kimataifa cha Anga hufanya hivyo hivi leo: amonia huzungushwa kwenye mabomba, hubeba joto na kulifikisha kwenye mabapa meupe yaliyotandazwa nje. Mafundi wetu wa magari wangeyaita rejeta, nami nitayaita hivyo. Uwezo wa rejeta hutegemea sana ukali wa joto lake. Bapa jeusi la mita moja ya mraba, likiwa na nyuzi 27, hutoa takriban wati 460 kwa upande mmoja. Bapa hilohilo likipanda hadi nyuzi 727 hutoa zaidi ya wati 56,000. Tuseme injini na silaha zenu zinamwaga megawati 100 za joto lisilotakiwa. Kwa rejeta baridi, hata mkitumia pande zote mbili, mtahitaji eneo la viwanja 15 vya kandanda. Kwa rejeta za nyuzi 727, mabapa mawili yenye urefu wa mita 45 na upana wa mita 10 kila moja yanatosha. Yawekeni ubavuni mwa chombo, moja kushoto na jingine kulia, yasiangaliane, kwa sababu rejeta zinazoangaliana hurudishiana joto. Mchoraji wenu amekwisha kuyachora.

Historia ina jambo linalopaswa kumfariji. Wabunifu wa 2001: A Space Odyssey, filamu ya mwaka 1968 iliyojulikana kwa uangalifu wake wa kisayansi, walijua habari ya joto na walikuwa wamekiwazia chombo chao mabapa ya kulitolea, lakini mabapa hayo yaliondolewa kwa kuhofia kwamba watazamaji wangedhani ni mabawa na kujiuliza yana kazi gani huko. Hofu hiyo ninyi mnaweza kuigeuza kuwa faida. Mtazamaji aanze kwa kudhani ni mabawa, kisha injini iwake na mabawa yaanze kuwa mekundu kutoka kwenye shina kuelekea ncha, bila mtu yeyote kueleza neno.

Matokeo yake katika vita ni makubwa. Rejeta ni nyembamba, zimejaa mabomba, na kijiwe kimoja kinatosha kuzitoboa. Nahodha mwenye busara atazikunja kabla ya pigano, au atazielekeza kwa ukingo wake mbele ya adui, jinsi mtu anavyosimama upande upande apate kulengwa kwa shida. Akizikunja, joto halina pa kwenda. Linarundikana ndani, jasho linatiririka, mitambo inaanza kujizima yenyewe, na atalazimika kuzikunjua tena dakika fulani iliyo karibu, adui apende asipende. Mimi nikitazama filamu naitafuta saa ya namna hiyo kuliko ninavyotafuta mlipuko. Mnaweza hata kuamua kwamba, katika ulimwengu wenu, kuzikunjua rejeta mbele ya adui ni alama ya kusalimu amri. Msimfiche shujaa gizani, lakini. Nyuma yake kuna anga yenye baridi ya nyuzi 270 chini ya sifuri, na chombo chenye moto kinaonekana humo kama taa ya karabai ya wavuvi ziwani usiku.

Kuhusu silaha nitasema kwa ufupi. Mwali wa leza hauonekani ukipita mahali pasipo na vumbi wala ukungu. Taa za lori huchora mstari mweupe pale Mau Summit kwa sababu ukungu unazirudisha kwenye macho yenu. Onyesheni doa linaloyeyusha bati, si mkuki wa rangi. Risasi za kawaida nazo msizidharau: kilo moja ya chuma inayogonga kwa kilomita 10 kwa sekunde hubeba nishati ya takriban kilo 12 za baruti kali ya TNT. Tena jambo hili limewahi kujaribiwa. Muungano wa Kisovieti uliweka mzinga mdogo kwenye kituo chake cha anga cha Salyut 3, nao ulifyatuliwa Januari 1975, kituo kikiwa hakina mtu ndani. Mzinga wenyewe haukuweza kugeuka, hivyo kulenga kulimaanisha kukigeuza kituo kizima. Ningependa sana kuiona filamu inayouchukua uzito huo wa kugeuza chombo kizima kwa ajili ya risasi moja.

Sauti nayo ni suala la kuamua mnasimama wapi. Mkiwa nje, nyamazeni. Mkiwa ndani, chuma hupitisha kila pigo, na mlio wa kigae kidogo kikigonga bati huku hewa ikitoka kwa mluzi unatosha. Siwezi kuwaficha, hata hivyo, kwamba uaminifu kamili una gharama. Vita vya kweli vya angani pengine vingepiganwa kwa umbali wa mamia ya kilomita, kila upande ukimwona mwenzake kama nukta, na katuni ya nukta mbili haina uso wa kuhuzunika wala mkono wa kutetemeka. Ningekuwa ninyi ningevunja kanuni moja tu, ya umbali, nikawaleta karibu hadi waonane, kisha nikazitii nyingine zote bila kuyumba. Mashabiki husamehe uongo mmoja uliowekwa wazi tangu mwanzo. Hawasamehe kanuni inayobadilika kila shujaa anapobanwa.

Limebaki suala la mlipuko, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Moto wa Nakuru hautawafundisha moto wa angani. Hapa chini miali hupanda na moshi hujikunja kwa sababu hewa moto ni nyepesi na mvuto wa dunia unaishusha ile baridi. Kule hakuna kinachopanda. Kuna mmweko mfupi unaopanuka kama puto na kufifia, kisha vipande vinavyokwenda moja kwa moja pande zote bila kupunguza mwendo. Vipande hivyo haviishi haraka. China ilipoilipua setilaiti yake moja kuukuu Januari 2007, vipande zaidi ya 3,000 vilivyo vikubwa kiasi cha kufuatiliwa kutoka ardhini vilitawanyika, na vingi viliendelea kuizunguka dunia kwa miaka. Nasi wenyewe tunajua kwamba vitu vya juu hurudi: tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kwamba ilikuwa sehemu ya roketi. Kama mnataka mwisho wenye uchungu, chombo cha adui kisizame. Vipande vyake virudi baada ya dakika 92, vikiwa vimeizunguka dunia nzima, na shujaa akiwa ameshakunjua rejeta zake.

Kwa hiyo ule mchanganyiko wa mbolea hauna faida kwa mchoro wenu, na una hatari inayoweza kumwondolea mmoja wenu macho au uhai. Sheria ya Kenya inamtaka mtu awe na leseni kabla ya kutengeneza vilipuzi, na haitawauliza kama mlikuwa mkipiga filamu. Ikiwa mwenzenu ameshauchanganya, msiuguse, msiuhamishe, msijaribu kuumwaga au kuuchoma. Tokeni mahali hapo, wazuieni wengine wasiingie, mkaeleze kituo cha polisi kilicho karibu. Wakati mwingine mkihitaji moto wa kweli mbele ya kamera, kazi hiyo ni ya mtu aliyesomea na mwenye kibali, awepo pale mwenyewe, wala barua kama hii haiwezi kusimama mahali pake. Na kwa hesabu za mizingo, idara ya fizikia ya chuo kikuu kilicho karibu nanyi ni mahali pazuri pa kubisha hodi mkiwa na michoro mkononi. Wahadhiri wengi ninaowafahamu wangeacha chai yao ipoe kwa ajili ya swali kama lenu.

Kuna mwalimu mwingine mnayemhitaji kabla ya kupaka rangi. Nendeni kwa mhunzi wa jua kali jioni, mwanga ukianza kufifia, mmwombe awaruhusu kusimama kando akichomoa chuma motoni. Mchoraji atazame jinsi kinavyotoka kwenye rangi ya chungwa, kikaingia wekundu wa damu ya mzee, kisha kikawa cheusi huku kikiwa bado kinaweza kumchoma mtu. Rejeta zenu zikipoa zitapita njia hiyo hiyo, kuanzia ncha kurudi kwenye shina, na wakati huo mweusi ndipo adui atakapodhani kwamba ni salama kusogea.